Swali la Arobaini na Moja

Jumatatu, 4 Mei

Kwako Dada Fundi,

Usishtuke kuona karatasi. Sijafiwa wala sioi. Simu yangu iko ndani ya ndoo ya plastiki pale mapokezi, pamoja na za wanakamati wenzangu, na haitatoka humo mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Tumekula kiapo. Sisi watano wa kamati ya tathmini haturuhusiwi kumpigia simu, kumtumia ujumbe wala barua pepe mtu yeyote wa zile kampuni tatu zinazogombea kutunza lifti za hospitali kuu. Kiapo nimekisoma mara tatu. Barua ya karatasi hakikuitaja. Nadhani aliyekiandika alidhani kalamu zimeshakufa.

Dobi ndiye atakayekuletea, ndani ya foronya, maana anafua mashuka ya hosteli yenu na anaishi mlango wa pili kutoka kwetu. Asipoisoma njiani nitashangaa. Na kabla hujauliza: fomu ilitaka kujua kama nina ndugu mkurugenzi katika kampuni hizo. Sina. Kuhusu fundi hawakuuliza.

Kazi yenyewe ningependa uione. Zamani mjumbe alisoma jalada la zabuni la kwanza asubuhi akiwa na nguvu, na la tatu baada ya kula, macho yamelegea, basi la kwanza likashinda. Sasa tuna mawakala wa akili bandia. Kila jalada na wakala wake: la Kijani, la Njano na la Buluu, yaani ninyi. Wote wamepewa maswali sitini yale yale, kwa mpangilio ule ule, na hakuna anayechungulia jalada la mwenzake. Wakala wa nne anayapanga majibu ubavu kwa ubavu kwenye jedwali. Hawachoki, hawana shemeji, hawanunuliwi soda. Maswali nimeyaandika mimi, mtu niliyejifunza kompyuta kwa kuchungulia begani kwa wengine.

Kasoro ilikuwa moja, ndogo. Kampuni nyingine zinaruka maswali, na wakala akikosa jibu anaacha kisanduku kitupu na kuandika maelezo marefu pembeni. Bosi akasema, "Jedwali hili lina mapengo kama kinywa cha babu yangu. Yazibe." Nikayaziba. Nimeweka kanuni moja: palipo patupu pasomeke sifuri, kwa kampuni zote bila upendeleo, na yale maelezo ya pembeni yasionekane. Sasa linapendeza, mtu angeweza kulitundika sebuleni.

Mafunzo yanaendeleaje? Wiki tatu hujaja hata Jumapili moja! Mama anauliza kama mnafundishwa kutengeneza lifti au kuzizaa. Kesho anakwenda kliniki yake ya moyo, hapo hospitali kuu, ghorofa ya sita, kama kila Jumanne. Anakusalimu.

Mdogo wako,
Karani


Jumatano, 6 Mei

Mdogo wangu Karani,

Barua yako imefika ikinuka sabuni. Hongera kwa jedwali. Wewe tangu utotoni ulikuwa ukipanga maharage kwa ukubwa kabla ya kuyala, na sisi wengine tukisubiri sahani.

Mafunzo yanaendelea. Tunajifunza kukaa.

Nimepewa chumba ghorofa ya nne. Lifti ya hosteli ya mafundi wa lifti ni mbovu. Kama unataka kichekesho kuzidi hicho, tafuta kwingine. Kwa hiyo sishuki sana. Dirisha langu linatazama ukuta wa jengo la jirani, na ukutani kuna bomba linalovuja. Matone yake nimeyahesabu lakini sikwambii ni mangapi, usije ukayatengenezea safu.

Usiushangae mwandiko. Naandikia kitandani, juu ya sinia.

Nina swali. Kwenye maswali yako sitini kuna la watu walioumia kazini? Limekaaje? Na sisi, Buluu, tumejibu nini? Nijibu upesi, na Mama asijue kwamba nimeuliza.

Dada yako


Ijumaa, 8 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma mara nne. Kila nikiirudia inazidi kunuka, na safari hii si sabuni.

Miaka sita niko ofisi hii. Katika miaka hiyo umeniuliza kuhusu kazi yangu mara moja, ukitaka kujua kama tuna kiyoyozi. Leo, siku saba kabla ya saini, unataka swali fulani, jibu fulani, la kampuni fulani, na upesi. Nani amekwambia uulize? Kama meneja wako amesimama hapo nyuma ya bega lako, mpe salamu zangu. Mwambie nilikula kiapo, na kwamba ule mwanya wa barua niliuacha kwa ajili ya dada yangu, si kwa ajili yake.

Nitakujibu, ili umpelekee aliyekutuma aridhike na akuache. Ni swali la arobaini na moja. Kijani wameandika kumi na moja, wamemtaja hadi aliyejigonga kidole kwa nyundo na aliyeumwa na nyuki juu ya paa. Njano, saba. Ninyi, sifuri. Kwa usalama mmebeba alama zote, na kwa jumla mnaongoza. Ijumaa tarehe 15, saa sita mchana, kamati inatia saini. Furahini.

Mama ameuliza tena unarudi lini. Nimemwambia una shughuli. Kumbe shughuli yenyewe ni mimi.

Karani


Jumamosi, 9 Mei

Karani,

Hakuna aliyenituma. Ningekuwa wa kutumwa, ningekuwa naweza kutembea.

Sikiliza, na usimsomee Mama. Tarehe 17 Aprili nilikuwa juu ya kibanda cha lifti, jengo la maduka, ghorofa ya tatu. Peke yangu. Ile ni kazi ya watu wawili, mmoja juu ya kibanda na mmoja chumba cha mashine, lakini mwenzangu alipelekwa jengo jingine ili ripoti ionyeshe majengo mawili kwa siku moja. Breki ilikuwa imelika. Niliiandikia taarifa mwezi wa pili, nikaiandikia tena mwezi wa tatu. Kibanda kikateleza. Si sana, kimo cha mtu mfupi tu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa kati ya kibanda na boriti. Umevunjika mahali pawili, na simu yangu iko chini kwenye shimo la lifti mpaka leo.

Mafunzo hayapo. Kesho yake Afisa Utumishi alinijia na machungwa na karatasi. "Fundi wangu," akasema, "tufunike kombe mwanaharamu apite. Zabuni ya hospitali ikishapita, tutayaandika yote." Nilikuwa nimechomwa sindano ya maumivu, naona maafisa wawili. Nikasaini kwamba niko mafunzoni.

Cheti changu cha ufundi kiko kabatini kwao tangu waliponiajiri, kama vya mafundi wote. Bila cheti kile hakuna kampuni itakayoniruhusu kugusa hata kitufe. Miaka tisa ya kupanda mashimo, Karani, ya kuitwa "dada umepotea, jikoni ni kule," imekaa kwenye bahasha ndani ya kabati, na ufunguo anao yule wa machungwa.

Magongo wameniahidi. Simu wameniahidi. Chakula kinaletwa. Mlinzi wa getini ananiita mgeni. Mgeni asiyeweza kuondoka anaitwaje, wewe mwenye maneno?

Na breki zilezile ndizo zilizojaa stoo zikisubiri lifti za hospitali.

Usifanye lolote. Nimekwambia kwa sababu umenitukana, si kwa sababu nataka kuokolewa.

Dada yako


Jumatatu, 11 Mei

Dada yangu,

Nisamehe. Hilo kwanza, na ningeliandika mara sitini kama lingesaidia.

Nilimvizia Dobi kwenye kamba yake ya nguo. "Ulijua?"

"Mashuka yanasema, mwanangu. Mimi nafua, sitangazi."

"Na ungeniacha niendelee kumtukana?"

"Barua zako ndizo zilizomtukana. Mimi nilizibeba tu, na moja nusura niitie kwenye maji ya moto."

Asubuhi nimekwenda kazini mapema nikayafungua yale maelezo ya pembeni niliyoyazima. Lile dokezo la swali la arobaini na moja, jalada la Buluu, nalinakili kama lilivyo: "Kampuni hii haijasema kwamba haina majeruhi. Haijasema chochote. Kukaa kimya si sawa na sifuri. Napendekeza iulizwe." Wakala aliliandika kila tulipomwendesha, mara tatu, kwa maneno yale yale. Alikuwa ameketi mahali pake anaita, na mimi nikamziba mdomo kwa sababu alikuwa anaharibu pambizo. Kijani, waliomtaja hadi wa nyuki, nimewaadhibu kwa kusema kweli. Ninyi nimewapa zawadi kwa kunyamaza. Na nimeyafanya yote bila upendeleo hata kidogo, ndicho kinachonichoma.

Nikaenda kwa Bosi.

"Unataka kulifungua jedwali zimebaki siku nne?"

"Kwa kampuni zote tatu, Bosi. Swali lile lile, siku ile ile."

"Sababu?"

"Ile kanuni ya patupu kuwa sifuri ilikuwa kosa langu."

"Iandike hivyo. Kosa langu."

"Nimeandika."

"Ipigie mstari."

Nikaipigia mstari. Akatia saini huku akitazama saa, kama mtu anayesaini kupokea kifurushi cha jirani.

Fomu zimekwenda kwa zote tatu leo mchana. Kila kampuni iorodheshe mafundi wake wote, na kila fundi, mbele ya jina lake, aandike kama aliumia kazini katika miaka mitatu iliyopita, kisha atie saini. Ukurasa wowote usio na mhuri wa kampuni hausomwi. Wewe sijakutaja. Utakuwa jina moja kati ya mengi. Hawawezi kuruka swali tena, na hakuna atakayejua nani ameuliza. Najivunia kidogo. Usinicheke.

Mdogo wako


Jumatano, 13 Mei

Karani wangu,

Swali lako limepanda ngazi, ghorofa zote nne, mpaka kitandani kwangu.

Afisa Utumishi alifika jana jioni akihema. Safari hii maembe. Fomu yako ni nzuri sana, mistari imenyooka. Mafundi wote wameshajaza: hapana, hapana, hapana, kurasa mbili, mpaka yule ambaye sote tunajua nyaya zilimchoma mkono mwaka juzi. Mhuri umeshagongwa kila ukurasa. Mstari uliobaki ni mmoja.

"Andika hapana, Fundi, tulale."

"Na huu mguu?"

"Mguu uko mafunzoni."

Nikamwambia anachekesha, angekuwa kwenye redio. Hakucheka. Akatoa bahasha mfukoni, akaifungua kidogo, nikakiona cheti changu. Kona yake moja imeanza kuliwa na mende. Akasema nikisaini, ananikabidhi palepale. Nisiposaini, inawezekana kabisa kikapotea, kabati lile lina vitu vingi. Fomu akaiacha juu ya sinia. Ijumaa saa mbili asubuhi anaifuata.

Sikulaumu. Uliuliza watu wote swali moja, kwa haki. Tatizo ni kwamba wengine wanaulizwa wakiwa wamesimama.

Niambie la kufanya. Ni mara ya kwanza tangu uzaliwe nakuomba ushauri, usiuharibu kwa methali.

Dada yako


Alhamisi, 14 Mei

Dada,

Saini.

Usiku kucha nimezunguka kwenye jambo hili na kila mlango niliougusa umefungwa kwa nje. Nikisimama mbele ya kamati niseme dada yangu amelala na mguu uliovunjika, watauliza nimejuaje. Nikisema kwa barua, watasema nimevunja kiapo, natolewa. Nikitolewa mimi, kosa nililolipigia mstari linakuwa ujanja wa ndugu wa mshindani, jedwali linarudishwa lilivyokuwa, patupu panakuwa sifuri tena, nanyi mnashinda kwa alama zile zile. Nikinyamaza, fomu inakuja na hapana zake zenye mhuri, na wakala ataandika alichopewa. Yeye husoma kilichomo kwenye jalada. Hawezi kupanda ngazi kuja kukutazama.

Nilimuuliza Bosi kwa kuzunguka, kana kwamba ni jambo la kitabuni: je, kama fundi wa kampuni yoyote ana la kusema tofauti na fomu? Akasema aje mwenyewe, na mwili wake, mbele ya kamati, kabla ya saa sita. "Si kwa simu, si kwa karatasi ya kutumwa, si kwa mjomba." Ni haki kabisa. Ofisi yetu iko ghorofa ya tano, na wewe huna hata gongo.

Kwa hiyo saini, chukua cheti chako, pona, utafute kampuni nyingine. Angalau mmoja wetu atoke.

Mama ameshajua. Dobi anasema hakusema. Alisimama tu uani mbele ya Mama, akikunja shuka lako kwa muda mrefu. Mama hakulia. Alisema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Asisaini kwa ajili ya moyo wangu, wala asikatae kwa ajili ya moyo wangu. Mimi ghorofa ya sita nitafika kwa namna yangu. Mguu ni wake." Halafu akaniuliza kama wewe unakula.

Karani


Ijumaa, 15 Mei

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlangoni mwa chumba

Karani, ushauri wako nimeupokea kwa heshima zote na nimeukalia. Hapo siandiki kwa mafumbo. Nimekalia barua yako ili nisiparuze suruali, maana naanza kushuka kwa makalio.

Ghorofa ya tatu

Ngazi kumi na nane. Unatanguliza mguu mzima, unaushika wa plasta kama mtoto wa jirani, unajishusha. Breki ni mikono. Hizi hazijalika.

Ghorofa ya pili

Nimepumzika. Jasho limenidondokea kwenye fomu, lakini wino umekaa. Mbele ya jina langu nimeandika: Ndiyo. Mguu, mahali pawili, 17 Aprili, breki niliyoitolea taarifa mara mbili. Nimesaini. Mhuri wao ulikuwa umeshanitangulia.

Ghorofa ya kwanza

Mlinzi amepanda kuangalia kinachogonga.

"Mgeni! Unakwenda wapi?"

"Chini."

"Chini kuna nini?"

"Kuna nje."

Amekuna kichwa. Amesema aliagizwa asimruhusu mtu kuingia kunisalimia. Kuhusu mimi kutoka hakuagizwa kitu. Nikamwambia angefaa kuwa karani. Amenishika kwapani ngazi sita za mwisho.

Saa tatu na robo, mapokezi, ofisini kwenu

Nimekuja kwenye mkokoteni wa Dobi, niliyemkuta getini akichukua nguo, juu ya mashuka machafu ya hosteli nzima. Watu barabarani walitupisha kama msafara wa waziri. Dobi anasema tangu aanze kazi hii hajawahi kubeba mzigo unaomfundisha kukata kona.

Yule wa machungwa ameshafika hosteli zamani na kukuta sinia tupu. Cheti kibaki kabatini kwao, mende amalizie. Mikono nimekuja nayo.

Mlinzi wenu ni mpole. Amenipa kiti, akasema, "Panda lifti, dada, ghorofa ya tano, ni dakika moja." Nikaenda kwa kurukaruka mpaka mlangoni pake. Lifti yenu inatunzwa na kampuni yetu, ulijua? Ndani kuna kadi ya ukaguzi. Wewe huipita kila asubuhi ukijitazama kwenye kioo. Nimeisoma. Breki zilikaguliwa mara ya mwisho Ijumaa, 8 Mei, zikakutwa salama. Chini yake kuna jina langu na saini yangu. Wameiga vizuri, hata kile kimkia.

Ijumaa tarehe 8 nilikuwa ghorofa ya nne nasubiri barua yako ya matusi.

Kadi nimeibandua, iko mapajani mwangu pamoja na fomu. Lifti nimeizima kwa kitufe chekundu, na nimemwomba mlinzi asimruhusu mtu kuiwasha. Nimemwambia mimi ni fundi. Hakuniomba cheti.

Anakuletea karatasi hii kwa miguu. Msomee Bosi wako na kamati nzima, mpaka hapa chini. Walisema nije mwenyewe, na mwili wangu. Nimekuja. Ngazi nilizopangiwa nimeshazimaliza. Zilizobaki ni zenu.

Shukeni. Mje na jedwali.

Fundi